Neno Lililofika Nusu

Kwa miaka mingi mdogo wangu na mimi tulizungumza siku ya Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Yeye alikuwa Kabambare, mimi Kasongo, kila mtu peke yake. Mume wangu alikuwa amefariki, Mungu hakutupa watoto, na wazazi wetu walikuwa wamelala zamani katika makaburi ya hapa mjini. Mke wa mdogo wangu alirudi kwao na hakuonekana tena. Katika nyumba ile ya baba tulimozaliwa watano, tulikuwa tumebaki wawili.

Ijumaa, nikitoka kusali, niliifunika mashini yangu ya kushona kwa kitambaa, nikavuta kiti mpaka kwenye ukuta wa upande wa barabara, kwa sababu pale ndipo rezo, mtandao wa simu, ilipokamata vizuri, nikangoja.

Simu ya kawaida ilikuwa imetushinda. Mnara wa Kabambare ulitegemea mazutu, mafuta ya jenereta yake, mazutu ilitegemea barabara, na barabara ya Kabambare kila mtu wa kwetu anaijua. Mnara ulikuwa unazima wiki mbili, wiki tatu. Kisha mama mmoja mfanyabiashara akaleta sahani ya satelite, akaifunga juu ya bati la duka lake, akaanza kuwauzia watu internet kwa kipimo, kwa mega. Mbele ya duka akaweka benchi refu, na watu wakawa wanakaa pale kila mmoja na simu yake, huyu anaongea na Kindu, huyu na Bukavu, huyu na mtoto wake aliye Ulaya. Mdogo wangu naye akawa mtu wa benchi.

Sauti yake ilinifikia kwa njia hiyo. Watu waliniambia kwamba inapanda kwanza mpaka juu angani, kisha inashuka Kasongo. Nilijiambia, ndiyo maana inafika imechoka. Nilimuuliza, "Umekula?" pakawa kimya. Nikadhani hakusikia, nikauliza tena, na hapo jibu la swali la kwanza likagongana na swali la pili. Tukanyamaza wote wawili, kila mmoja akimpisha mwenzake. Kisha tukaanza kusema pamoja. Siku nyingine maneno yalikuja yamebanana, kumi kwa mara moja, kama mchele unaomwagika mfuko ukipasuka. Siku nyingine yalikuja na matundu.

Nilimwomba mara nyingi afungue picha nione uso wake.

"Mega inaisha mbio, yaya," alijibu. "Sauti inatosha."

Yaya ni jina tunalomwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Nilimtangulia kwa miaka sita, nami ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Akiniambia sauti inatosha, niliona haya kuomba zaidi. Kwa miaka miwili sauti ilinitosha.

Lakini mimi si mtu wa kuzoea sauti mbaya, kwa sababu baba yetu alikuwa mtu wa telefone.

Zamani hizo Kasongo ilikuwa na kiwanda cha pamba, na kampuni ile ilikuwa na telefone yake yenyewe, ya waya. Haikutoka nje ya mji. Ilianzia kiwandani ikaenda kwenye nyumba ya mkurugenzi, hospitali, misioni, ofisi ya teritware, yaani ya serikali, na ghala mbili. Mahali saba tu, ukihesabu na meza ya baba. Baba alikaa mbele ya ubao wenye matundu na kamba, na kila mtu aliyetaka kuongea na mwenzake ilibidi apite kwake. Alikuwa na mkono mmoja wa kuzungusha na sikio moja la kusikiliza, na lile sikio lilikuwa na alama ya kudumu, kama kidole cha mshonaji.

Kila asubuhi, kabla kiwanda hakijalia, aliamsha mahali pote. Alizungusha, akasema, "Uko?" Upande wa pili ukajibu, "Niko." Akaandika alama ndogo kwenye daftari, akazungusha kwingine. Mama alikuwa ananituma nimpelekee chai, nikawa nasimama mlangoni kusikiliza. Sauti za hospitali, sauti ya mzee wa ghala mwenye kikohozi, zote zilitoka safi, kana kwamba mtu amekaa nyuma ya pazia.

Jambo alilolishika kuliko yote ni kurudia. Mtu akimpa ujumbe, hakuukubali mpaka aurudie mwenyewe kwa sauti. "Narudia: gari lisije leo, lije kesho. Ni hivyo?" Mtu akisema ni hivyo, ndipo anaupeleka. Nyumbani pia alitufanyia vilevile. Nikimwambia mama anaomba chumvi, alisema, "Narudia: chumvi. Ni hivyo?" Tulicheka sana.

Sitasema telefone ile haikuharibika. Iliharibika. Mti ulianguka, radi ilipiga, mvua iliingia kwenye kisanduku. Lakini ikikatika, baba alichukua pense, koleo lake la kukatia, na kipande cha waya, akaufuata mstari kwa miguu, nguzo kwa nguzo, macho juu, mpaka anafika pale ulipokatika. Palikuwa na mahali pa kwenda.

Siku moja hospitali haikujibu. Baba akaufuata mstari, akakuta nyuma ya shamba la misioni waya umeondolewa, urefu wa mikono miwili, umekatwa vizuri kabisa kwa panga. Aliunga, akarudi. Jioni alipofika nyumbani akamkuta mdogo wangu uani anasukuma gari la waya, jipya, linang'aa, lina magurudumu manne na usukani mrefu. Alikuwa na miaka minane.

Baba alilitazama lile gari. Mama akaanza kulia kabla hata fimbo haijatafutwa. Lakini baba hakutafuta fimbo. Kesho yake alimchukua mpaka hospitali, akamwonyesha mwanamke aliyekuwa amelala na mtoto mchanga pembeni yake. Akamwambia, "Jana huyu mama alikuwa anahitaji gari kutoka kiwandani. Muganga alizungusha, akazungusha. Ulisikia?" Mdogo wangu akasema hakusikia. "Hata mimi sikusikia," baba akasema. Yule mama alipona, alipelekwa kwa machela. Ila mdogo wangu aliliacha lile gari kwenye mlango wa kiwanda, na tangu siku hiyo akawa mtoto wa kuficha mambo yake. Mimi naona ni tangu siku hiyo. Pengine nakosea.

Kiwanda kilikufa kabla ya baba. Vita ilipofika, waya ulikwisha wote: watu walifanya mitego ya panya, bangili, kamba za kuanikia nguo. Sikuwalaumu. Baba alikaa miaka ya mwisho barazani, na mtu akimsalimu kutoka barabarani alielekeza lile sikio moja.

Basi, narudi kwenye Ijumaa.

Ilikuwa mwisho wa mvua. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwambia mdogo wangu kwamba nina hamu ya kumwona, kwamba nimefikiria kuja Kabambare hata kwa siku chache. Maneno hayo yalikuwa yamekatika na sikupata jibu. Ijumaa hii alipiga mapema kuliko kawaida. Upepo ulikuwa unavuma kwake, niliusikia ukikwaruza kwenye simu.

"Yaya... sikia..."

"Nasikia. Sema."

Kimya. Kisha: "...kuje."

"Unasema nini?"

"Mwezi huu... kuje. Yaya... nasema... kuje."

Halafu ikakatika.

Msomaji anayejua Kiswahili chetu ameshaona tatizo lilipo. Kwetu, ukimwita mtu unamwambia ukuje. Ukimkataza unamwambia usikuje. Katazo lote limo mwanzoni mwa neno, sauti mbili ndogo za hewa, na ndizo internet inazokula kwanza.

Sikufikiria hayo hata kidogo. Nilikaa kwenye kiti changu kando ya ukuta na machozi yakanitoka. Ilikuwa miaka mingi hakuna mtu aliyeniambia njoo. Wateja waliniambia nishone haraka, jirani aliyetwanga majani ya mihogo aliniambia chukua hii sombe, ni nyingi, lakini njoo, nakuhitaji, hakuna.

Nilijaribu kumpigia. Ililia, ililia, hakuna aliyepokea. Nikamwachia maneno ya sauti, nikaona hayakufika. Nilijaribu Jumamosi, nikajaribu Jumapili. Ningeweza kungoja Ijumaa nyingine na kumwambia kama baba: narudia, ukuje, ni hivyo? Nimejiuliza sana kwa nini sikungoja. Jibu ninalo, na si zuri: niliogopa kwamba akirudia nitasikia kitu kingine.

Nilishona shati. Nilikuwa na kikwembe cha bluu nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya kitu kizuri, nikakikata kwa vipimo vya mdogo wangu nilivyovikumbuka kutoka mazishi ya mama, tulipoonana mara ya mwisho. Nikafunga mchele, samaki wakavu na chupa ya mawese, nikamkabidhi jirani ufunguo, nikatafuta motari, maana ndivyo tunavyowaita waendesha pikipiki. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye koti la mvua lililochanika mgongoni.

Safari ilichukua siku mbili. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka, nikavuka kwa miguu nikiwa nimeshika viatu mkononi, na motari akasukuma pikipiki nyuma yangu akisoma dua kwa sauti. Mara tatu tulikwama kwenye tope mpaka magotini. Simu yangu ilipoteza rezo tulipotoka nje kidogo ya Kasongo, na haikuipata tena. Motari akaniambia, "Mama, kuanzia hapa uko mutu wa zamani." Tulilala kwa mwalimu mmoja ambaye mke wake alinipa maji ya moto ya kuoga na hakuniuliza lolote.

Njiani niliwaza jinsi nitakavyofika. Nilimwona mdogo wangu akitoka dukani kwake, kwa sababu alikuwa na duka la vipuri vya baisikeli na kila Ijumaa aliniambia duka liko, biashara inaenda polepole lakini inaenda. Nilimwona akicheka na meno yake yaliyoachana. Niliandaa hata maneno ya kumkaripia.

Tulifika Kabambare kabla ya saa sita mchana. Niliuliza duka, wakanionyesha. Mlango wa mbao ulikuwa umefungwa, na kufuli lake lilikuwa na kutu. Barazani, kwenye kigoda, alikaa mwanaume mwembamba mwenye mvi. Mbele yake palikuwa na beseni la maji. Alikuwa ameshika mpira wa ndani wa baisikeli, ameujaza upepo, anauzungusha majini taratibu huku ameinamisha shavu karibu kabisa na maji. Nilielewa baadaye: alikuwa anatafuta tundu kwa kusikiliza, na kwa kuhisi mapovu kwenye ngozi ya uso.

Nilisimama mbele yake. Kivuli changu kilimwangukia.

"Karibu," akasema, bila kuinua uso. "Mupira wa mbele ao wa nyuma?"

Niliinama kidogo nimwone uso.

"Karibu, mutu wa Mungu. Iko nini?"

Akainua uso. Macho yake yalikuwa wazi, yalinitazama begani, kisha yakapita.

Motari nyuma yangu alikohoa. Nikamtaja mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mama peke yake na mimi tulilitumia.

Mpira ulimtoka mkononi, ukaelea kwenye beseni.

"Yaya?"

"Ni mimi."

"Yaya, nilikuambia usikuje."

Hivyo ndivyo nilivyolisikia lile neno zima.

Nilikaa chini barazani, na vumbi langu lote. Motari alishusha mizigo polepole, akatuaga kwa sauti ndogo kama mtu anayetoka msibani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jicho la kushoto lilianza zamani. La kulia, sasa ni mwaka wa pili."

"Ulienda kwa muganga?"

"Nilienda. Walisema ni presha ya macho. Inaiba pole pole. Ile ilikwisha kuiba hairudishi."

"Na wewe kila Ijumaa unaniambia duka iko."

"Duka iko," akasema, akapapasa mlango nyuma yake mpaka akagusa kufuli. "Si hii?"

Nilitaka kumpiga. Mwanamke wa umri wangu! Badala yake nikamshika mkono, na mkono ulikuwa na maji baridi na harufu ya gundi.

Alasiri ile mama wa satelite alikuja. Duka lake lilikuwa hatua chache kutoka pale, na habari za mgeni zilimfikia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya soko, amejifunga vikwembe viwili. Alinisalimu kwa heshima kubwa, akanipa pole ya safari, kisha akaona uso wangu.

"Mama, ulikuwa haujue?"

"Sikujua."

"Lakini ni mimi nilikuwa nafinyia yeye simu! Kila Ijumaa. Namukamata mukono, namukalisha kwa benchi, natafuta jina yako, nafinya. Nilizani unajua. Ningejua haujue, ningesema mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana hakukuambia," nikasema.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kati yetu, kichwa chini, kama siku ile ya gari la waya.

Nilikaa Kabambare siku kumi na mbili. Nyuma ya duka alikuwa na chumba kimoja, kitanda, jiko la makaa, na kamba iliyofungwa kutoka mlango mpaka choo. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na nikisogeza kikombe kidogo tu alikigonga, halafu akaomba radhi yeye. Nilijifunza kutosogeza. Nilimpikia wali na samaki, nikamvalisha lile shati la bluu. Lilimmeza. Mabega yalimfika karibu na kiwiko. Alilipapasa kola, mifuko, mishono, akasema, "Umeshona muzuri, yaya," nami nikalichukua nikalifumua kesho yake, nikalipunguza kwa mkono, sindano na uzi, barazani, wakati yeye anaziba mipira.

Kitu kimoja kilinishangaza. Siku mbili za mwanzo hatukuweza kuzungumza vizuri. Nilisema sentensi moja, kisha nikanyamaza, nikangoja. Naye akajibu, akangoja. Tulikuwa tumezoea ule ucheleweshaji wa internet mpaka tumeubeba ndani yetu. Tulikuwa ana kwa ana, magoti yanakaribia kugusana, na bado kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya sauti kupanda na kushuka. Siku ya tatu alinikatiza kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nasimulia habari za jirani, akaingilia, "Hapana, si yule, ni mudogo wake," nikafurahi kana kwamba amenipa zawadi.

Tulikumbushana mengi. Yeye ndiye aliyekumbuka mzee wa ghala mwenye kikohozi. Mimi nilikumbuka chai. Watu walileta baisikeli zao, nyingine hazikuwa na tundu lolote, nadhani walikuja tu kumsalimu. Alijua kila mtu kwa mwendo wake. Aliweza kusema, "Huyu ametoka Salamabila," kabla mtu hajafungua kinywa, kwa sababu pikipiki za machimboni, alisema, zinalia tofauti, zina haraka.

Siku ya tisa nilimwambia, "Turudi Kasongo."

Aliendelea kusugua mpira kwa kipande cha msasa.

"Kasongo nitafanya nini?"

"Utakaa nyumbani kwa baba. Mimi nitakuangalia."

"Ndiyo hiyo, yaya. Utaniangalia. Hapa najua njia kwa miguu. Najua hatua kumi na saba mpaka kwa mama wa satelite, na msikiti ni kufuata ukuta. Hapa watu wananiita fundi. Kule nitakuwa mutu wa kukaa kiti."

"Basi nikae mimi hapa."

Nilisema hivyo haraka. Nilikuwa nimeshafikiria: mashini yangu ningeweza kuileta, nguo watu wanavaa kila mahali.

"Na nyumba ya baba?" akasema. "Na wateja? Hapana. Usipoteze yako ju ya macho yangu."

Nilingoja aongeze neno. Lilikuwa neno moja tu nililolitaka, na safari hii hakukuwa na upepo wala sahani wala mega. Aliweka gundi, akapuliza, akabandika kiraka. Sikuwahi kumwambia kwamba nilisafiri siku mbili kwa sababu ya nusu ya neno. Alidhani nimekuja kwa ukaidi, kwa kuwa mimi ni yaya na mayaya hawasikii. Nikamwacha adhani hivyo.

Siku ya kumi na mbili motari yuleyule alipita akirudi Kasongo. Mdogo wangu alinisindikiza mpaka barabarani, amevaa shati la bluu ambalo sasa lilimkaa. Tuliagana kama watu wanaoaga kwenda sokoni. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado ameinua mkono, lakini ameuelekeza upande mwingine kidogo, pale ambapo sauti ya pikipiki ilikuwa imetoka.

Nyumbani nilikuta buibui kwenye mlango. Ijumaa tuliendelea. Simu ilikatika vilevile, lakini sasa nilijua kinachotokea upande wa pili: mkono mnene unamkalisha kwenye benchi, unafinya jina langu. Nilianza kumsalimu mama yule pia, na akawa anaingiza maneno yake: "Leo amekula! Leo amekataa kula, mugombeze!" Nilikuwa narudia kila jambo. "Umesema utaenda kliniki. Ni hivyo?" Akacheka. "Ni hivyo, baba," alinijibu.

Nilifikiri tumepata njia ya kuishi. Ilidumu miezi saba.

Mama wa satelite alikuja kwenye simu Ijumaa moja mwenyewe, peke yake. Biashara ilikuwa imepungua Kabambare, akasema. Watu wa dhahabu wote wako Salamabila, na huko ndiko internet inanunuliwa. Alikuwa anaifungua sahani kutoka batini aihamishie huko, wiki ile ile. Aliomba msamaha mara nyingi sana. Nilimwambia hakuna kosa, kila mtu ana watoto wa kulisha. Nilisema kweli. Kisha nikarudi ndani, nikakaa mbele ya mashini, na nikashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, ikabidi nifumue.

Mnara wa Kabambare huwaka siku mojamoja. Lakini siku unapowaka, pengine mimi sijui, na pengine yeye hana wa kumfinyia. Motari wananiletea salamu. "Fundi iko muzima," wananiambia wakipita, bila kuzima pikipiki. Nami nawapa kitu kidogo cha kumpelekea: karanga zilizokaangwa, sabuni, uzi wa kufungia mipira. Sijui kinachofika.

Mwezi uliopita ulikuja ujumbe wa sauti kutoka namba ya mama wa satelite. Alikuwa amepita Kabambare kuchukua mizigo aliyoiacha, akamwambia mdogo wangu aseme anachotaka, akaichukua sauti kwenye simu yake, na alipofika Salamabila kwenye rezo akanitumia. Dakika nne na kidogo. Niliupokea mchana, natoa nguo kwenye kamba, na nikakaa chini palepale na nguo mapajani.

Haikuwa na tundu hata moja. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilisikia kuku wa mtu. Alianza kwa kusalimu, akauliza habari za nyumba, kisha akanyamaza kidogo, kama anasubiri, halafu akakumbuka kwamba hakuna wa kumjibu na akaendelea mwenyewe. Alisema mvua imekuwa nyingi, mihogo inaoza shambani. Alisema shati limetoboka kwenye kiwiko na jirani amelitia kiraka, kiraka kibaya, lakini yeye hakioni, kwa hiyo ni sawa. Akacheka hapo. Alisema miguu inamsumbua asubuhi. Alisema mpira mmoja ulimletea matundu kumi na moja na mwenye baisikeli hakutaka kuutupa.

Nilirudia kuusikiliza siku iliyofuata, na iliyofuata. Na siku ya nne nikajikuta namjibu. Aliposalimu, nikaitika. Alipouliza nyumba, nikamwambia bati la jikoni linavuja. Alipokaa kimya pale mwanzoni, nafasi ilinitosha kabisa kusema hilo, na sauti yake ikaingia nilipomaliza, vizuri, hatukugongana.

Jirani yangu alichungulia juu ya ua. Alikuwa na mchi mkononi.

"Uko na mugeni, mama?"

"Hapana. Ni mudogo wangu, wa Kabambare."

"Ah! Rezo imerudi?"

Nilishusha simu mapajani.

"Anasema nini?"

"Anasema mvua imekuwa mingi. Mihogo inaoza."

"Pole yao," akasema jirani. Aliufuta mchi kwa kiganja. "Umuambie tunamusalimia sana."

"Nitamuambia," nikasema, naye akarudi kwenye kinu chake, na nikasikia anaanza kutwanga.